Mnemba, Mafia au Pemba: uende wapi na kamera ya chini ya maji

Ukiuliza wapi pa kuzamia kwa mtungi na kupiga picha za matumbawe katika pwani ya Tanzania, utatajiwa majina matatu kabla ya mengine yote: Mnemba, Mafia na Pemba. Kila kituo cha kuzamia kinasifu maji yake, na picha za matangazo zinafanana kote: kasa, samaki wa rangi, buluu tele. Ukichagua kwa kufuata picha hizo utaumia, kwa sababu hazisemi mambo yanayoamua wewe utarudi na nini. Maji yalikuwa angavu kiasi gani siku ile? Mkondo ulikuwa na nguvu gani? Mpiga picha alikuwa kina gani, na lenzi gani, na alikuwa na miaka mingapi ya kuzamia?

Nitazilinganisha sehemu hizi tatu kwa maswali hayo, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayeanza kupiga picha chini ya maji aende Mafia. Mwenye siku mbili tatu tu, au anayesafiri na familia isiyozamia, aende Mnemba. Pemba ndiyo yenye picha kubwa kuliko zote, lakini aisubiri mpaka awe anaelea sawasawa bila kulifikiria jambo hilo.

Maji yanakufanyia nini

Kabla ya visiwa, tuanze na maji yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayofanya sehemu moja ikufae na nyingine ikushinde.

Maji hula rangi. Nyekundu hupotea kwanza: mita 5 imeshafifia, ukivuka mita 10 karibu yote imekwisha, kisha inafuata ya machungwa, halafu njano. Ndiyo maana picha ya simu iliyopigwa mita 15 bila taa hutoka kijani-buluu tupu hata kama tumbawe lenyewe ni jekundu. Rangi utaipata kwa njia mbili. Ama ubaki juu ambako jua bado lina nguvu, ama ushuke na mwanga wako mwenyewe. Na huo mwanga wako nao haufiki mbali, maana unakwenda mpaka kwa samaki na kurudi mpaka kwenye lenzi, na safari yote hiyo maji yanaula. Kitu kilicho zaidi ya mita moja na nusu hakitapata rangi ya maana hata ukiwa na flashi mbili za bei kubwa. Kwa hiyo sogea. Ukidhani umefika, sogea tena, kwani jicho linakudanganya: ndani ya maski kila kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja na karibu kwa robo kuliko kilivyo.

Pili ni hewa. Mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, na mita 30 ni mara nne. Mtungi unaokutosha saa nzima ukiwa mita 10 utakwisha kwa nusu saa ukiwa mita 30, na huko chini utabanwa pia na muda wa naitrojeni, yaani muda unaoweza kukaa chini kabla gesi hiyo haijazidi mwilini, kabla hata hewa haijakwisha. Mpiga picha anahitaji muda kuliko kitu kingine chochote. Anayezunguka tu akitazama hupita kwenye mwamba mmoja kwa dakika mbili, lakini mwenye kamera anaweza kumngoja samaki mmoja kwa dakika kumi.

Tatu ni chembechembe. Udongo wa mito, mchanga uliotimuliwa na mapezi, vijidudu vinavyoelea: vyote humeremeta mbele ya flashi na kuijaza picha madoa meupe. Kadiri maji yalivyo mengi kati yako na kitu unachopiga, ndivyo madoa yanavyozidi. Maji yakiwa na ukungu, piga vitu vidogo kwa karibu kabisa. Yakiwa angavu, hapo ndipo lenzi ya pembe pana inapofaa. Kanuni hii inatosha kumwondolea mtu nusu ya swali la wapi aende.

Mafia: ghuba ya Chole

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina eneo la kilomita za mraba 822. Ndani yake wanaishi watu, wanavua watu. Hifadhi imegawanywa kanda: ziko sehemu ambazo uvuvi umepigwa marufuku kabisa, na ziko ambazo wenyeji wanavua kwa mitego na mishipi inayoruhusiwa. Kwa mzamiaji, moyo wake ni ghuba ya Chole, iliyo kati ya Utende na visiwa vya Chole na Juani.

Ghuba hii imekingwa. Hata upepo wa kusi unapovuma na bahari ya nje kuchafuka, ndani bado panazamika. Miamba mingi ya ndani iko kati ya mita 8 na 18, kina ambacho mwenye cheti cha kwanza, kile cha mwisho mita 18, anaruhusiwa bila tatizo. Hapo jua bado linafika, hewa inadumu, na matumbawe ni mengi: ya matawi, ya mezani, ya duara, na yale laini yanayopepea. Samaki waliorekodiwa katika hifadhi wanazidi aina 400.

Kasoro yake ni uwazi wa maji. Ghuba hujaa na kupwa kupitia mlango wa Kinasi na milango mingine midogo. Maji yakijaa, yanaingia ya bahari kuu, safi. Yakipwa, yanatoka yale yaliyolala kwenye mikoko na matope. Mzamiaji aliyeingia Kinasi saa ya kujaa na yule aliyeingia saa ya kupwa watakuhadithia kana kwamba walikwenda bahari mbili tofauti. Kiongozi mzuri hupanga saa ya kutoka kwa kufuata maji, si kwa kufuata kifungua kinywa cha hoteli, na ukimwona anafanya hivyo mwamini. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa mlangoni huwa mkali sana. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni tulivu zaidi.

Sasa mbona naipa Mafia nafasi ya kwanza kwa anayeanza, ilhali maji yake si angavu kuliko yote? Kwa sababu anayeanza hatakiwi kuanza na picha pana. Aanze na vidogo, na Mafia vidogo vimejaa.

Chukua mkunga. Ametoa kichwa kwenye tundu, mdomo unafunguka na kufumba, kufunguka na kufumba. Wengi hudhani amekasirika, kumbe anapumua. Pembeni ya taya yake yuko kamba mdogo mwenye mistari myekundu na myeupe, masharubu marefu kuliko mwili, anayemla uchafu na vidudu vya ngozini. Ukifika kwa pupa kamba anarudi ndani na mkunga anajivuta nyuma. Ukifika taratibu, ukasimama nusu mita bila kugusa chini, ukapumua polepole ili usipande wala kushuka, baada ya dakika mbili tatu wanakusahau. Kamba anatoka tena, anapanda mdomoni, anavuka meno. Lenga jicho la mkunga, wala usilenge pua, maana kwa karibu hivyo eneo linaloonekana kali ni la milimita chache tu, na jicho likiwa na ukungu picha yote imekufa. Subiri kamba ageuke akuangalie. Hiyo ni picha ambayo mtu mwenye kamera ndogo anaweza kuipata katika siku zake za kwanza, mita 10 chini, na hewa ya kutosha kurudia mara ishirini.

Kinasi penyewe, kwa walio na cheti cha juu zaidi, pana ukuta, makundi ya mbono na kolekole, na chewa wakubwa wenye mabaka wanaomsogelea mzamiaji bila woga. Nje ya mlango, kwenye ukuta wa Dindini, ni kwa siku za bahari shwari, zaidi kati ya Oktoba na Machi.

Kisha kuna papa potwe. Hawa hawako ghuba ya Chole. Wako upande wa pili wa kisiwa, karibu na Kilindoni, kwenye maji yanayotazamana na delta ya Rufiji, ambako chakula chao kinachoelea ni kingi. Msimu wao ni kati ya Oktoba na Machi, na wengi wanaoonekana ni madume wachanga. Hutahitaji mtungi, ni maski, bomba na mapezi. Kile kile kinachowaleta ndicho kinachoyatia maji ukijani, basi usitegemee ile picha ya samaki mzima kwenye buluu tupu. Pembe pana, hakuna flashi, usimguse, usimkate njia. Kaa ubavuni na uache akupite, utapata jicho na madoadoa yake. Nahodha anayeirusha boti mbele ya samaki ili wageni wake waruke juu yake, usimlipe tena.

Pemba: kuta na mkondo

Pemba haikukaa kwenye kina kifupi kama Unguja. Kati yake na bara kuna mfereji wenye kina cha mamia ya mita, na upande wa magharibi wa kisiwa mwamba unakatika ghafla kuingia gizani. Ukining'inia kando ya ukuta huo siku ya maji angavu unaona chini mpaka macho yanachoka. Hapa ndipo lenzi ya pembe pana inapopata kazi yake halisi: matumbawe ya umbo la kipepeo cha kupepea moto yaliyotandaza matawi kukinga mkondo, makundi ya samaki yanayopanda na kushuka ukutani, tengesi kwenye buluu, na jua juu ya vyote.

Sehemu zinazotajwa zaidi ni milango ya Njao na Fundo kaskazini-magharibi, rasi ya Kigomasha, na kisiwa cha Misali magharibi ya Chake Chake. Misali ina historia inayostahili kujulikana. Ililindwa rasmi mwaka 1998, na katika miaka iliyofuata wavuvi na maimamu walishirikiana kufundisha utunzaji wa bahari kwa mafundisho ya Qurani, kwa kuwa amri za serikali peke yake hazikuwa zimewagusa watu. Mwaka 2005 eneo zima la mfereji likawekwa chini ya uhifadhi. Mimi naipenda Misali kuliko Njao kwa mtu anayekwenda Pemba mara ya kwanza. Mkondo huwa mpole zaidi, na juu ya ukuta pana bustani ya matumbawe ya kumalizia mbizi bila haraka.

Tatizo ni kwamba Pemba haisamehe. Mbizi nyingi ni za kuchukuliwa na mkondo: unashuka sehemu moja, unatokea nyingine, boti inafuata mapovu. Kamera kubwa yenye mikono miwili ya flashi ndani ya mkondo ni sawa na kubeba mwavuli uliofunguliwa kwenye upepo. Anayeshughulika na kioo cha kamera kando ya ukuta usio na chini anaweza kushuka mita 8 bila kujua, na akija kutazama saa yake ameshapita 35. Nimesema aisubiri kwa sababu hiyo, si kwa kuwa naidharau hamu yake. Anayetaka kwenda awe na cheti cha mita 30, mbizi za kutosha za mkondo, boya la ishara la kupuliza na firimbi, na kamera iliyofungwa kamba kwenye koti la kuelea ili mikono ibaki huru. Mbizi ya kwanza Pemba, iache kamera kwenye boti. Tazama mkondo unavyokwenda, ujue kesho utapigaje.

Kuhusu manta: kuna sehemu huko kaskazini iliyobeba jina lao, na wauzaji wa safari bado wanalitumia. Siku hizi wanaonekana kwa nadra. Usilipie nauli kwa ahadi hiyo.

Mnemba: karibu, rahisi, imejaa

Mnemba ni kisiwa kidogo kaskazini-mashariki ya Unguja, mbele ya Matemwe na Muyuni, kikiwa kimezungukwa na mwamba mpana. Kisiwa chenyewe kimekodishwa na huruhusiwi kutua, lakini mwamba ni wa wote kwa ada, na ni eneo la hifadhi tangu 2002. Wattabomi, Kichwani, Big Wall: majina haya ya sehemu za kuzamia utayakuta kwenye ubao wa kila kituo kuanzia Nungwi mpaka Kiwengwa.

Kwa urahisi, hakuna kinachoishinda. Unatua Unguja, unapanda gari, kesho yake uko majini. Kutoka Matemwe boti haichukui muda. Kutoka Nungwi hukaribia saa nzima. Kina ni cha kila mtu: mteremko wa mchanga na matumbawe kwa anayeanza, Big Wall kwa aliyebobea. Maji mara nyingi ni angavu kuliko ghuba ya Chole. Kasa ni wengi na wamezoea watu. Na mwenzako asiyezamia anaweza kuja kwenye boti ile ile na maski na bomba, jambo ambalo Pemba kwenye kuta si rahisi.

Ila ukifika saa nne asubuhi siku ya msimu, utakuta boti zimepangana, mamia ya miguu inapiga maji juu ya mwamba, na mchanga umepanda. Hiyo ndiyo Mnemba ambayo wengi wanarudi wakiilalamikia, na wana haki. Matumbawe ya sehemu za juu yanaonyesha makovu ya nanga na mapezi. Dawa ni moja: tafuta kituo cha Matemwe kinachotoka alfajiri na kushuka majini kabla ya saa mbili. Tofauti ni kubwa mno. Ukipewa saa nne kwa sababu "wageni wengine hawapendi kuamka", tafuta kituo kingine.

Kwa kasa, shuka chini ya usawa wake kidogo na umngoje mbele ya njia yake, usimfukuze kwa nyuma. Picha ya kasa anayeondoka ni ya mkia na mapezi, na kila mtu anayo. Akiwa anakula kwenye mwamba, kaa mita mbili, kisha sogea anapozoea. Akiacha kula na kukutazama, umeshafika karibu mno. Akipanda kuvuta pumzi mwache apande. Usimzingire. Pomboo ni hivyo hivyo: boti zinazowakimbiza zinawachosha, na picha zake ni za mapovu tu.

Nani aje wakati gani

Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, joto la maji hufika nyuzi 28 hadi 30, bahari ya nje hutulia siku nyingi, na uwazi huwa mzuri kote. Ni wakati wa Pemba, wa kuta za nje ya Mafia, na wa papa potwe. Masika, Aprili na Mei, mvua na mito hutia maji udongo, na vituo vingi hufunga ili kutengeneza boti. Kusi, Juni mpaka Septemba, upepo ni mkali na maji hushuka mpaka nyuzi 25 hivi; ukikaa dakika 60 bila suti nene kidogo utatetemeka, na mkono unaotetemeka haupigi makro, yaani picha za vitu vidogo kwa karibu kabisa. Wakati huo ndani ya ghuba ya Chole ni salama, upande wa magharibi wa Pemba umekingwa kiasi, na nyangumi wanapita nje wakiwa na watoto wao. Mnemba inazamika, ila safari ya boti inarusha.

Chaguo langu la mwaka ni tanga mbili ya Oktoba na Novemba: upepo umelegea, maji yameanza kupata joto, watalii wa Krismasi hawajafika, papa potwe wameanza kuonekana. Mvua za vuli zipo, ila hunyesha na kupita.

Kamera ipi kwa kisiwa kipi

Hapa watu hutumia fedha vibaya kuliko mahali pengine popote. Wananunua kwanza, kisha wanatafuta pa kuitumia.

Kamera ndogo za vitendo kama GoPro hufika mita 10 bila kasha na 60 zikiwa ndani ya kasha lake. Ni nzuri kwa video, kwa maji mafupi yenye jua, kwa papa potwe na kasa wa Mnemba. Kwa makro ni dhaifu. Wekea kichungi chekundu kwa kina cha kati na uachane nacho ukiwa na taa, maana viwili hivyo havipatani.

Kompakti ya kuzuia maji, na hapa TG-6 ya Olympus na mrithi wake TG-7 ndizo zinazotajwa sana, hufika mita 15 zenyewe na 45 ndani ya kasha. Uwezo wake wa kulenga kitu kilicho sentimita chache mbele ya lenzi ni wa ajabu kwa bei yake. Kamera hii na ghuba ya Chole ni ndugu. Ongeza flashi moja, au hata taa ya video, na una kazi ya miaka.

Kamera kubwa yenye lenzi ya kubadilisha, kasha la alumini, flashi mbili: hii ni ya Pemba, na pia ndiyo inayokulazimisha kuamua ukiwa nchi kavu. Ukishafunga kasha huwezi kubadili lenzi. Ukiingia na makro, nyangumi akipita utapiga jicho lake. Mafia ningeingia na makro asubuhi na mapema maji yakiwa yanapwa, na pembe pana yakijaa. Pemba, pembe pana siku zote. Mnemba, pembe pana alfajiri, makro baadaye umati ukija, kwa sababu makro haijali mapovu ya watu.

Kasha lolote unalotumia linategemea oringi, mpira mwembamba unaoziba mlango. Unywele mmoja uliolala juu yake, au chembe moja ya mchanga, inatosha kuingiza maji. Fanyia kazi hii chumbani usiku, usifanyie kwenye boti: nawa mikono, itoe bila kitu chenye ncha, ipitishe kati ya vidole ukihisi kama kuna kilichonasa, futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, paka grisi kidogo sana, ing'are tu, kisha rudisha na uizungushie macho mara mbili mwangani. Unapofunga, tazama kamba ya maski au nywele zisibanwe. Ukifika majini shika kamera sekunde chache chini ya uso wa maji na utafute mapovu. Ukiyaona, toka. Baada ya mbizi iloweke kwenye maji baridi, ibonyeze vitufe vyote, chumvi isikauke ndani.

Kufika na kulipa

Mafia utafika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, safari ya kama nusu saa, au kwa gari mpaka Nyamisati na boti mpaka Kilindoni. Njia ya bahari ni nafuu sana kwa mwenyeji, lakini ratiba inafuata maji na hali ya hewa, na vifaa vya kamera vibebe kwenye mfuko usiopitisha maji. Ada ya hifadhi hulipwa kwa kila siku uliyo ndani, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, beba kitambulisho. Pemba ni ndege mpaka Chake Chake au meli kutoka Unguja, kisha gari refu mpaka kaskazini. Vituo ni vichache, hivyo bei haishuki. Mnemba ina ushindani mkubwa na ndiyo rahisi kupatana. Popote uendapo uliza bei ya mkazi, maana haiandikwi ukutani. Uliza pia oksijeni ya dharura iko kwenye boti, na chumba cha kutibu ugonjwa wa mgandamizo kilicho karibu kiko wapi. Kituo kinachosita kujibu hayo mawili, ondoka.

Kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa, pengine huna haja ya kuvuka mpaka. Treni ya SGR inakuleta pwani, na Watamu, iliyotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1968 pamoja na Malindi, bado ina bustani nzuri za kina kifupi. Kisite, kutokea Shimoni, ina maji angavu na pomboo. Mbele ya Mombasa imelala MV Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki, na kwa pembe pana meli ni mwalimu mzuri kwa kuwa haikimbii. Kwa makro, hata hivyo, bado ningemwambia ashuke mpaka Mafia.

Na kwa yule ambaye bado hana cheti cha mtungi: Chumbe, karibu na mji wa Unguja, inalindwa tangu 1994, uzamiaji wa starehe kwa mtungi hauruhusiwi, na mwamba wake wa juu ni kati ya iliyo hai zaidi nchini. Kwa maski na bomba tu utapiga picha zinazowashinda wengi wa Mnemba saa nne asubuhi.

Kitu ambacho huwezi kukilipia

Mpiga picha ni hatari kwa mwamba kuliko mzamiaji wa kawaida. Anasimama mahali pamoja, macho yako kwenye kioo, miguu iko nyuma asikoona. Tumbawe la duara hukua karibu sentimita moja kwa mwaka. Lile ulilolivunja kwa pezi huenda lilianza kabla ya babu yako kuzaliwa. Na miamba hii imeshaonja makubwa: baruti za wavuvi haramu kwa miongo mingi, joto la El Niño la mwaka 1998 lililoyaua matumbawe mengi tangu Kenya mpaka Mafia, kisha mawimbi mengine ya joto, likiwemo lile la mwaka 2024 lililogusa bahari za dunia nzima. Ghuba ya Chole ilipona baada ya 1998 kwa kiasi kinachotia moyo, kwa sababu kulikuwa na matumbawe yaliyobaki hai ya kutoa mbegu. Kila tawi lililobaki lina kazi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kamera yoyote, lipia siku mbili za kufanya mazoezi ya kuelea na mwalimu mvumilivu. Ukiweza kusimama sentimita 50 juu ya mchanga kwa dakika tano bila kupiga mikono, umeshafuzu kushika kamera. Usivute tumbawe kujishikilia, usisogeze konokono au kaa aende panapokupendeza, na ikiwa samaki mzuri yuko mahali ambapo huwezi kufika bila kugusa, mwache. Kiongozi akikushikia pweza ili umpige, mwambie hapana kwa heshima. Anafanya hivyo kwa sababu wageni waliotangulia walimpa bahashishi, na wageni wakikataa ataacha.

Ukishachagua kisiwa, chukua kalenda ya maji kabla ya kukata tiketi. Kwa Mafia tafuta siku ambazo kujaa kunaangukia katikati ya asubuhi. Kwa Pemba epuka siku za bamvua kama ni mara yako ya kwanza. Na panga safari ya kurudi ukihesabu saa za mwili, hasa kwa Mafia ambako wengi wanaondoka kwa ndege: baada ya siku kadhaa za kuzamia, acha angalau saa 18 kati ya mbizi ya mwisho na ndege, hata kama ndege hiyo ni ndogo na hairuki juu sana. Asubuhi hiyo iliyobaki inatosha kuvuka mpaka Juani kwa miguu na ngalawa, ukatazame magofu ya Kua huku kamera zikikauka.